Matairi ya theluji katika tope la Mbozi

Wilaya yetu ya Mbozi haijui theluji. Tunaijua baridi ya Juni na Julai, ile inayowafanya wazee waje swala ya Alfajiri wamejitanda mablanketi juu ya kanzu, na tunaujua ukungu unaolala juu ya mashamba ya kahawa mpaka jua lipande. Lakini theluji yenyewe hatujaiona, na wengi wetu tutaingia kaburini bila kuiona. Pamoja na hayo, matairi yaliyotengenezwa kwa ajili ya theluji hayakosekani katika maduka ya mitumba ya huku kwetu, na kila mwaka mvua zinapokaribia husifiwa kwa wenye magari madogo kuwa ndiyo dawa ya tope. Sisi katika kamati ya msikiti wetu hapa Ihanda tulilazimika kulichunguza jambo hili Novemba iliyopita, kwa sababu fedha iliyokuwa mkononi mwetu haikuwa yetu, na waliokuwa wakilisubiri gari hilo hawakuwa sisi. Tumeona tuwaeleze wasomaji wa ukurasa huu wa familia yale tuliyoyapata, kwa kuwa gari dogo siku hizi limekuwa chombo cha familia nyingi za Kiislamu, na baba anayeuliza bei ya petroli kila siku aghalabu hajawahi kuinama kulitazama tairi.

Gari lenyewe ni Toyota Vitz iliyotumika Japani kabla ya kuja kwetu. Muislamu mmoja aliyekuwa akiswali nasi alilitoa waqfu, akashurutisha kwamba litumike kwa mambo matatu: kuwapeleka wagonjwa hospitali, kumpeleka ustadhi katika madrasa za vijijini, na kuhudumia misiba. Kwa hiyo ndani ya gari hilo siku moja hupanda mama mjamzito, siku ya pili hupanda ustadhi na juzuu zake, na siku ya tatu hupakiwa sanda, pamba, kafuri na watu wanne wa kwenda kuosha maiti. Wanazuoni wa fiqhi wameeleza kwamba pato la waqfu kwanza hutumika kuutunza waqfu wenyewe, kisha ndipo wanufaike wale waliokusudiwa, hata kama mtoa waqfu hakulitaja sharti hilo, kwa sababu waqfu usiotunzwa hufa, na ukifa sadaka ile inayoendelea hukatika. Tulilisoma hilo chuoni kwa mifano ya visima na mitende. Hatukufikiri kwamba siku moja tutalitumia kwa mpira wenye kipenyo cha rimu inchi 14.

Ni lazima tuzieleze njia zetu kwa msomaji wa pwani. Ihanda iko kandoni mwa barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia. Usiku na mchana malori hupita hapo, mengine yakielekea Zambia, mengine Kongo, na mvua inaponyesha lami hiyo hubeba maji, mafuta yaliyodondoka na tope linaloletwa na magurudumu kutoka njia za pembeni. Ukiiacha lami unaingia katika jambo jingine kabisa. Udongo wetu mwekundu, wenye baraka ya kahawa na mahindi, ukikauka ni vumbi, ukilowa ni sabuni. Nasi hatuna vuli na masika mbalimbali kama watu wa Tanga au Unguja. Mvua zetu huanza Novemba na kumalizika Aprili, msimu mmoja mrefu. Kwa muda wa nusu mwaka, basi, gari letu hutoka katika sabuni hiyo, likapanda lami likiwa na tope katika magurudumu, likaenda Vwawa kwa mwendo wa magari mengine, likarudi tena katika sabuni. Anayelichagulia tairi analichagulia njia hizo mbili kwa pamoja, na njia hizo hazitaki kitu kimoja.

Katika kikao cha kamati, mhazini alitandika hesabu mezani. Mfukoni kulikuwa na shilingi 310,000. Katika hizo, 100,000 zilikuwa posho ya ustadhi wa madrasa, ambayo ilikwisha kuchelewa. Zilibaki 210,000. Matairi mawili ya mbele ya gari yalikuwa vipara. Kashata, kama mafundi wanavyoziita zile nundu za uso wa tairi, zilikwisha kabisa upande wa ndani. Ya nyuma yalikuwa yamefika nusu ya uhai wake. Mwenzetu mmoja alikuwa ameshaulizia Tunduma: matairi mapya ya kipimo chetu ni 125,000 kila moja, na matairi ya mtumba kutoka Japani, “yale ya theluji, yenye kashata nene, yanayopanda popote,” ni 50,000. Manne kwa 200,000. Hesabu ilikaa vizuri mno. Mzee wetu mmoja akasema, “Wanangu, Mwenyezi Mungu amekwisha tupangia, mnatafuta nini tena?” Wengi walicheka, na laiti si kwamba kanuni yetu ni kukagua kitu kabla ya kukilipia, jambo lingeishia hapo.

Tukaenda Tunduma watu watatu: mhazini, fundi wa gereji anayeswali nasi, na sisi tunaoandika kumbukumbu. Muuzaji alitupokea kwa heshima, akatuita masheikh, akayapanga matairi manne mbele yetu kama mtu anayepanga mikate. Kwa hakika yalipendeza. Yalikuwa meusi ya kung'aa. Kila kashata ilikuwa imechanjwa mistari midogomidogo ya mawimbi, myembamba kama ukucha, mamia kwa mamia. Akasema, “Tazama ustadhi, haya yanang'ata. Mjapani anapandia barafu haya, sembuse tope la Mbozi?”

Hoja hiyo ina sura ya ukweli, na ndiyo inayouza. Tuitazame.

Pembeni mwa matairi yale palikuwa na neno STUDLESS, na jingine SNOW. Maana ya neno la kwanza ni tairi lisilo na misumari. Zamani katika nchi za baridi, Japani ikiwa mojawapo, watu walitumia matairi yaliyopigiliwa vipini vya chuma ili vichome barafu. Lakini vipini hivyo, barabara inapokuwa haina theluji, hukwangua lami na kuifanya vumbi. Katika miji ya kaskazini ya Japani vumbi hilo lilikuwa kero kubwa kwa wakazi, mpaka mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya kuyazuia matairi ya misumari. Viwanda vikalazimika kutafuta njia ya kushika barafu bila chuma, na jibu lao lilikuwa mambo mawili: mpira laini sana, usiogeuka mgumu baridi inapokuwa kali, na ile michanjo midogo ambayo hupangusa utando wa maji juu ya barafu na kuishika kwa kingo zake nyingi. Japani, hasa Hokkaido na mikoa ya kaskazini ya Honshu, familia nyingi huwa na matairi seti mbili, ya baridi na ya kiangazi, na hubadilisha kila msimu. Katika jimbo la Quebec nchini Kanada mwenye gari hulazimishwa na sheria kuvaa matairi ya baridi kuanzia tarehe 1 Disemba hadi tarehe 15 Machi. Kwa watu hao si pambo. Tairi la kawaida huanza kuwa gumu joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi, na gumu halishiki.

Sasa lirudishe tairi hilo Mbozi. Mpira uliopikwa ili ubaki laini katika barafu, ukiwekwa juu ya lami ya saa nane mchana huwa laini kupita kiasi. Kashata zake huyumba gari linapokata kona, husagika upesi, na juu ya lami iliyolowa gari huchukua nafasi ndefu zaidi kusimama kuliko likiwa na tairi la kawaida zima. Hilo la kusimama ndilo lililotushughulisha kuliko yote, kwa sababu anayeteremka Senjele nyuma ya lori lenye mzigo wa tani 30 hahitaji tairi la kupanda. Anahitaji tairi la kusimama.

Na tope je? Hapa ndipo muuzaji alipokuwa na uhakika zaidi, na ndipo hoja yake ilipokuwa dhaifu zaidi. Theluji ina tabia ya ajabu: hujishikilia yenyewe kwa yenyewe. Mtoto anayefinyanga tonge la theluji analijua hilo. Kwa hiyo theluji iliyobanwa katika mifereji ya tairi huishika theluji iliyoko chini, na tairi lililojaa theluji hushika vizuri zaidi. Udongo wetu mwekundu hauna wema huo. Ukijaa katika michanjo ile myembamba hautoki, na baada ya mizunguko michache uso wa tairi huwa umefunikwa tope laini, bapa, kama mguu wa mtu aliyevaa soksi ya udongo. Tairi la tope linatakiwa liwe na mifereji mipana, iliyoachana, iliyofunguka hadi mabegani, ili gurudumu linapozunguka lilitupe tope nje. Michanjo mingi iliyobanana ni kinyume chake. Fundi wetu, ambaye hakusoma haya katika kitabu chochote, alilisema kwa ufupi alipopitisha kidole katika tairi lile: “Hili la kufulia nguo, si la Ihanda.”

Lilikuwapo pia suala la umri. Matairi mengi yana alama ya herufi DOT pembeni, na katika matairi yaliyotengenezwa tangu mwaka 2000 mfululizo huo huishia na tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Wakati mwingine tarakimu hizo zimeandikwa upande mmoja tu wa tairi, nao ndio upande unaogeuzwa ukutani. Tuliomba tairi ligeuzwe. Lilisomeka 3811: wiki ya 38 ya mwaka 2011. Lilikuwa na zaidi ya miaka 12. Watengenezaji wengi hushauri tairi lisivuke miaka 10 tangu litoke kiwandani, hata likionekana zima, kwa kuwa mpira huzeeka kama ngozi ya mtu, hupoteza mafuta yake na kukakamaa. Kwa tairi la theluji uzee huo ni msiba wa pili, maana sifa yake moja tu, ulaini, ndiyo inayotangulia kuondoka. Basi Mjapani yule hakuyatoa matairi yake kwa sababu ya ukarimu. Aliyatoa kwa sababu hayakumfaa tena. Katika matairi hayo ya Japani huwekwa kijukwaa kidogo cha mpira ndani ya mfereji, chenye mshale unaokielekea. Kashata zikisagika hadi kufikia kijukwaa hicho, yaani nusu ya kimo chake cha upya, tairi halihesabiwi tena kuwa la theluji. Tuliyatafuta mavijukwaa hayo kwa tochi ya simu. Katika matairi matatu kati ya manne uso wa tairi ulikuwa sawasawa nayo.

Na ule weusi wa kung'aa? Ulibaki kidoleni mwa mhazini. Ilikuwa rangi.

Hatutamtaja muuzaji wala duka, na hatudhani kwamba yeye ni mwovu kuliko wenzake. Huenda naye aliyapokea yakiwa yamekwisha kupakwa. Lakini kila mwanafunzi wa madrasa anaijua habari ya Mtume (SAW) alipopita sokoni akaingiza mkono wake katika lundo la nafaka, vidole vikakuta umajimaji chini. Mwenye nafaka akajitetea kuwa ilinyeshewa na mvua, naye akamuuliza kwa nini basi asiiweke ile iliyolowa juu ili watu waione, kisha akamtenga mwenye kughushi na umma wake. Tulimkumbusha ndugu yetu habari hiyo kwa upole. Alinyamaza, kisha akasema kwamba wateja wenyewe hawaulizi. Katika hilo hakusema uongo. Sheria yetu imempa mnunuzi haki ya kurudisha kitu chenye aibu iliyofichwa, lakini haki hiyo humfaa aliye hai kuidai.

Tulirudi Ihanda mikono mitupu, na kikao cha pili kilikuwa kirefu kuliko cha kwanza. Pendekezo letu lilikuwa kununua matairi mawili tu, mapya, ya kawaida, yenye mifereji minne mipana ya kupitisha maji na mabega yaliyofunguka, kwa 250,000. Tulipungukiwa 40,000. Wapo waliosema posho ya ustadhi isubiri mwezi mmoja. Wapo waliosema tuyachukue ya mtumba ya kawaida, si ya theluji, na rai hiyo haikuwa ya kipuuzi: tairi la mtumba lenye umri wa miaka mitatu au minne, lisilo na kiraka wala kivimbe, lililobaki na kashata za milimita tano, ni bora kuliko jipya lililokaa juani dukani kwa miaka. Tatizo lake ni kwamba hupatikani manne yaliyolingana, na anayelichagua lazima awe na macho. Na alikuwapo mzee wetu mwingine, mcha Mungu ambaye hatuna shaka na ikhlasi yake, aliyesema kwamba ajali ni kadari, na kwamba aliyeandikiwa kufa kwa gari atakufa hata akivaa matairi ya dhahabu.

Imamu alimjibu kwa adabu. Alimkumbusha yule bwana aliyemuuliza Mtume (SAW) kama amwache ngamia wake huru na kumtegemea Allah, au amfunge na kumtegemea, akaambiwa amfunge kwanza. Akaongeza jambo ambalo tuliliandika katika kumbukumbu: kwamba mtu anaweza kusema habari ya kadari juu ya roho yake mwenyewe, lakini asiyekuwa na haki ya kuhatarisha ni yule aliyeshika usukani wa amana, kwa kuwa nyuma yake wamekaa watu ambao hawakuulizwa. Sisi tunaongeza hapa, kwa kuwa kule kikaoni hatukupewa nafasi, kwamba tunasikitishwa na madereva wanaosoma dua ya safari kwa sauti nzuri juu ya matairi ambayo nyuzi zake zinaonekana. Dua ni ibada. Hatuoni adabu ya kuisoma mtu akiwa ameacha kwa makusudi kile kilichokuwa katika uwezo wake.

Lakini kikao hakikuamuliwa na imamu, wala na hoja zetu za mpira na michanjo. Mama mmoja mtu mzima, mwenye wajukuu, aliomba ruhusa ya kusema kutoka upande wa kinamama. Alisema, “Wanangu, mmehesabu bei ya mpira tangu alasiri. Sasa mhesabu na anayelazwa kiti cha nyuma. Masika yaliyopita mkwe wangu alishushwa katika tope usiku, uchungu umemshika, gari linazunguka pale pale. Alitembea ameegemea bega langu mpaka tukaiona lami. Mjukuu yupo, alhamdulillah, anakimbia. Ila mimi njia ile sitaipita tena hivyo, na binti wa mwenzangu hapa yuko mwezi wa nane.” Akanyamaza. Hakuna aliyemjibu. Ijumaa iliyofuata kinamama walileta bahasha kutoka katika kikoba chao, ndani yake shilingi 145,000, na sharti moja: posho ya ustadhi isiguswe.

Tukanunua mawili mapya. Kabla ya kulipa tulisoma mambo ambayo msomaji naye anaweza kuyasoma bila kuwa fundi. Kipimo cha gari letu ni 165/70R14 81S, na kimeandikwa katika kibandiko cha mlangoni kwa dereva. 165 ni upana wa tairi kwa milimita. 70 ni kimo cha ubavu wake kwa asilimia ya upana huo. R ni namna nyuzi zake zilivyopangwa ndani. 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Hayo wengi huyajua. Tarakimu inayopuuzwa ni ile ya 81, nayo ni fumbo la uzito: maana yake tairi moja hubeba hadi kilo 462. Gari tupu lina uzito wa kama tani moja. Likipakiwa watu watano na magunia mawili ya mahindi, kama tunavyoona likifanywa siku za mavuno, anayepunguza tarakimu hiyo ili apate tairi rahisi anakopa pasipo kujua atalipa nini. Herufi S ni mwendo wa juu, kilomita 180 kwa saa, na tunamwomba dereva wetu asiihakikishe.

Kuhusu kina cha mifereji, ndani yake mna vinundu vidogo vya kuonya ambavyo huwa sawa na uso wa tairi kashata zinapobaki milimita 1.6. Hapo tairi limekwisha. Lakini kwa mvua za huku tusingoje kufika hapo. Wajuzi wengi hushauri tairi la mvua libadilishwe likibaki milimita 3, maana mfereji usio na kina hauwezi kuyatoa maji, na maji yasiyotoka huliinua gari likaelea, usukani ukawa mwepesi mkononi kama wa mtoto anayechezea. Sisi tumemkatia dereva kijiti, tukakitia alama ya milimita 3 kwa kalamu, nacho kinakaa katika kisanduku cha gari pamoja na geji ya upepo. Geji hiyo ilituudhi siku ya kwanza: matairi mawili yalikuwa na upepo pungufu na moja limezidi, na kumbe tulikuwa tukijaza kwa kupiga teke na kusikiliza mlio. Upepo hupimwa asubuhi, tairi likiwa la baridi, kwa kiasi kilichoandikwa katika kibandiko kile kile cha mlangoni. Wanaopunguza upepo ili kupita tope wanapata faida kidogo kwa muda mfupi. Wakisahau kuurudisha wanapofika lami, ubavu wa tairi hujikunja na kujikunjua, hupata moto, na tairi hupasuka katika mwendo.

Ulizuka mjadala wa mwisho pale gereji. Gari letu huvutwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo fundi alitaka mapya yawekwe mbele, yapande vilima vya tope. Hivyo ndivyo wafanyavyo karibu wote, na inaonekana kuwa akili. Lakini ushauri wa watengenezaji wa matairi ni kwamba mawili yaliyo bora yakae nyuma, na sababu yake ni hii: magurudumu ya mbele yakiteleza, gari huenda mbele moja kwa moja na dereva anahisi, huachia mafuta, likarudi, ya nyuma yakiteleza juu ya lami yenye maji, gari hugeuka lenyewe kama pia, na dereva wa kawaida hana la kufanya. Tuligawanyika. Kwenye tope fundi ana haki, kwenye lami wao wana haki. Tulichagua lami, kwa kuwa gari likikwama topeni watu watalisukuma, nao ni majirani, tena hawana ubahili wa mabega. Likigeuka mbele ya lori hakuna wa kulisukuma. Mapya yakawekwa nyuma, yale ya nusu umri yakaja mbele, na kwa miezi mitatu gari lilikwama mara mbili. Binti wa mwezi wa nane hakukwama. Alifika Vwawa saa kumi usiku, mvua ikinyesha.

Mwezi Februari fedha ya mawili mengine ilipotimia, mabaki ya bahasha ya kinamama yakiwa ndani yake, fundi akapata matairi yake ya mbele, na furaha yake haikufichika. Katika yale ya nusu umri, moja limekuwa la akiba na la pili limehifadhiwa stoo.

Yale vipara yalibaki uani mwa msikiti. Alikuja ndugu mmoja, mwenye gari dogo kama letu na watoto wanne, akataka kuyanunua mawili kwa 20,000, akasema kwake yatamaliza msimu. Fedha hiyo ilikuwa mali ya waqfu na mhazini aliitaka. Kamati ilikataa. Ndugu yule alikasirika, akasema tunamnyima kitu tunachokitupa, na kwa wiki mbili hakutupa mkono baada ya swala. Tuliyakata mbavu kwa msumeno ili yasirudi barabarani kwa mlango mwingine, tukayafukia nusu ardhini kando ya uwanja wa madrasa, na sasa watoto hukalia hapo wakisubiri zamu zao za kusoma. Yeye tulimpa kijiti chenye alama ya milimita 3. Alikipokea bila kusema kitu, akakitia mfukoni.